Kalkuleta ya grafu yenye sauti safi: kutafuta kosa kwa kufuata dalili

Kalkuleta za grafu za TI-83 Plus na TI-84 Plus hazina spika. Zina jeki ya milimita 2.5 iliyowekwa ili kalkuleta mbili zitumiane data, na jeki hiyo ndiyo mlango wa sauti, kwa sababu programu inaweza kuzishusha na kuziachia nyaya zake mbili itakavyo. Kuna njia mbili za kuutumia mlango huo. Katika ya kwanza, prosesa yenyewe inapiga mapigo ya haraka kwenye waya na upana wa kila pigo ndio unaobeba sauti, yaani PWM. Katika ya pili, kalkuleta inatoa amri tu: maikrokontrola kama Raspberry Pi Pico inazipokea, kisha chipu ya DAC (kigeuza namba kuwa sauti) kama PCM5102A inatengeneza sauti yenyewe.

Anayetaka sauti safi kweli achague ya pili. Sauti ya kiwango cha CD ni biti 1,411,200 kila sekunde. Z80, prosesa ya kalkuleta hizi, ikienda MHz 15 ina mizunguko kama 10 tu ya kutumia kwa kila biti, na amri moja ya OUT peke yake inakula 11. Hakuna ujanja wa programu utakaoliziba pengo hilo. PWM inafaa kwa michezo na milio, na kwa raha ya kuona kama itawezekana. Hapa chini nimeshughulikia njia zote mbili, maana dalili zake huingiliana.

Ikate njia katikati kwanza

Kosa linaweza kujificha kwenye programu, jeki, adapta, waya, maikrokontrola, DAC au amplifaya. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata sauti ikirudi hutajua kilichoirudisha. Ichomoe plagi kwenye kalkuleta, kisha pima kila upande peke yake.

Upande wa nje ni rahisi: iandikie Pico programu fupi inayotoa mlio wa Hz 440 kupitia DAC bila kungoja amri yoyote. Ukisikia mlio safi, kila kitu kuanzia Pico hadi spika ni kizima na huna sababu ya kukigusa tena.

Upande wa kalkuleta unahitaji programu hii ndogo ya asembli kwa TI-83 Plus au TI-84 Plus:

```
    di
kitanzi:
    ld a,3
    out (0),a
    call subiri
    xor a
    out (0),a
    call subiri
    in a,(4)
    bit 3,a
    jr nz,kitanzi
    ei
    ret
subiri:
    ld b,0
    djnz $
    ret
```

Inashusha nyaya zote mbili, inasubiri, inaziachia, inasubiri, na inaacha ukibonyeza ON. Mzunguko mzima ni hatua 6,778 za saa ya prosesa, kwa hiyo kwa MHz 6 utapata mlio wa karibu Hz 885, na kwa MHz 15 karibu Hz 2,200. Mlio huo unakupa majibu mawili kwa mara moja: kwamba jeki inafanya kazi, na kwamba prosesa inakwenda kwa kasi gani. La pili litakufaa mbele kidogo. Kwenye TI-84 Plus zima kwanza kile kisaidizi cha mawasiliano cha ndani ya chipu, kwa sababu kinaweza kuingilia nyaya wakati wewe unazichezea.

Kumbuka kwamba kwenye mlango namba 0, kuandika 1 kwenye biti kunaushusha waya na kuandika 0 kunauachia upande. Wengi huanza kwa kudhani ni kinyume chake. Na usiipeleke programu hii kwenye TI-82 au TI-83 ya zamani ukitegemea matokeo yale yale. Thamani za mlango huko ni nyingine.

Kimya kabisa

Anza na adapta. Plagi ya kalkuleta ina sehemu tatu: ncha, pete ya katikati na shina. Ncha na pete ni nyaya mbili za data, shina ni graundi. Adapta nyingi za 2.5 kwenda 3.5 zilitengenezwa kwa ajili ya simu, zina pete mbili kwa sababu ya maikrofoni, na graundi yake inaangukia mahali pengine. Kwa macho zinafanana. Chukua multimita, iweke kwenye hali ya kupiga mlio ncha zake zinapogusana, na ufuate kila sehemu kutoka plagi hadi ncha ya mwisho ya waya. Kama ni adapta ya mono, pete na shina zimeunganishwa ndani, maana yake waya mmoja wa data umegandishwa kwenye graundi.

Adapta ikiwa nzima, washa kalkuleta, iache bila kuendesha chochote, na upime volti kati ya shina na ncha, kisha kati ya shina na pete. Zote mbili zinatakiwa kuwa juu. Waya mmoja ukisoma karibu na sifuri, kuna kitu kinauvuta chini. Iandike namba uliyoipata: ikikaribia volti 5, usiupeleke waya huo moja kwa moja kwenye Pico, kwa sababu pini zake ni za volti 3.3. Weka kati yao kibadilisha volti cha pande mbili, vile vibodi vidogo vyenye transista za BSS138.

Kama mlio wa Pico ndio haukutoka, macho yako yaende kwenye DAC. PCM5102A hunyamaza kwa sababu tatu ninazozipa kipaumbele kwa mpangilio huu. Pini ya XSMT ikiwa chini, chipu imezibwa mdomo. Lazima iwe juu. Pini ya SCK ikiachwa inaning'inia bila kuunganishwa na chochote, chipu inabaki ikingoja saa ambayo haiji. Iunganishe na graundi ili itumie PLL yake ya ndani, yaani kitengeneza saa chake chenyewe. Bodi nyingi zina vituo vidogo vya kulehemu kwa ajili ya mambo haya mawili, na hutoka kiwandani vikiwa wazi.

Sababu ya tatu ndiyo inayowapotezea watu muda zaidi. PLL hiyo haishiki saa ya BCK (mapigo yanayosindikiza kila biti) ikiwa chini ya takriban MHz 1. Ukitaka kupiga faili la 8 kHz jinsi lilivyo, kwa biti 32 kila fremu, BCK inakuwa kHz 256 tu, na DAC itakaa kimya huku nyaya zote zikiwa sahihi, programu ikiwa sahihi na osiloskopu ikionyesha mapigo mazuri kabisa. Iendeshe DAC kwa 48 kHz wakati wote na uiachie Pico kazi ya kuzirudia au kuzikadiria sampuli zilizo kati. Kwa 8 kHz ni mara 6 kamili, hesabu isiyosumbua.

Kalkuleta inakuwa nzito au inaganda plagi ikiingia tu

Hakuna kilichoungua. Mfumo wa kalkuleta hupeleleza nyaya za jeki muda wote. Waya ukishuka, mfumo unachukulia kuna kalkuleta nyingine inayoanza kutuma, unaacha shughuli zake na kusikiliza. Hedifoni za ohmu 32 zikichomekwa moja kwa moja huzishusha nyaya zote mbili karibu na sifuri, na mfumo unabaki ukimsubiri mtumaji asiyekuwepo. Chomoa, subiri kidogo, itarudi. Ukitaka kuendelea hivyo hivyo, anzisha programu kwanza ndipo uchomeke, na mwanzoni mwa programu uzime vikatizo (miito ya mfumo inayoisimamisha programu) kwa amri ya DI.

Ikiganda hata na Pico, angalia namna Pico inavyouachia waya. Kwenye jeki hii hakuna anayesukuma juu. Kila upande unashusha au unaachia, na resista za ndani ya kalkuleta ndizo zinazopandisha. Pini ya Pico ikiwekwa kama pato lenye thamani ya juu, inapigana na kalkuleta kila inapotaka kushusha. Kuachia maana yake ni kuigeuza pini kuwa ya kupokea.

Sauti ipo lakini ni ndogo mno, au haina besi

Kwa PWM na hedifoni moja kwa moja, hii ni hali ya kawaida kabisa. Resista inayopandisha waya ni ya maelfu ya ohmu. Tuseme ni kΩ 10 na volti 5: hedifoni za ohmu 32 zinapata milivolti 16 hivi. Hakuna mpangilio wa sauti kwenye programu utakaotibu hilo; kinachotakiwa ni amplifaya yenye mlango usiovuta mkondo mwingi. Chipu ya amplifaya ya LM386 ina kΩ 50 pale mlangoni, inatosha.

Besi inapotea kwenye kapasita ya kuzuia mkondo wa moja kwa moja. Kapasita ya µF 10 ikiingia kwenye mlango wa kΩ 10 inakata chini ya Hz 1.6, hutasikia tofauti yoyote. Kapasita hiyo hiyo ikiwa mbele ya hedifoni za ohmu 32 inakata chini ya Hz 500, na wimbo unabaki na sauti ya kibati. Weka µF 220, mpaka unashuka hadi karibu Hz 23.

PCM5102A haihitaji kapasita hiyo, pato lake tayari linazunguka sifuri. Ila si chipu ya kusukuma hedifoni. Imekusudiwa mzigo usiopungua kΩ 1, na ukiikabidhi ohmu 32 itatoa sauti ndogo iliyopondeka.

Sauti inapasuka

Kinyume cha hapo juu. Mlango wa kawaida wa amplifaya ya nyumbani unatarajia karibu volti 0.9 kutoka kilele hadi kilele. Mapigo ya volti 5 yanaufunika mara tano. Kigawanyo cha kΩ 10 na kΩ 2.2 kinarudisha 0.9; kwa volti 3.3 tumia kΩ 10 na kΩ 3.9. LM386 huongeza mara 20 hata bila kuongezewa kitu, kwa hiyo hata volti 0.9 itaigonga dari. Weka kitasa cha kΩ 10 mbele yake. Na kama kuna kapasita kati ya pini ya 1 na ya 8, itoe. Inapandisha hadi mara 200, na hapa haina kazi.

Mluzi mwembamba juu ya wimbo

Huo ni mwendo wenyewe wa PWM. Ukiwa na ngazi 64 na kila ngazi ikichukua mizunguko 11, kwa MHz 15 mapigo yanarudi karibu mara 21,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio. Kwa MHz 6 yanarudi mara 8,500 tu, na huo ni mluzi utakaousikia hata ukiwa chumba cha pili. Kichujio cha resista ya kΩ 1 na kapasita ya nF 22 kinaanza kukata karibu kHz 7.2, lakini mluzi wa kHz 8.5 uko karibu mno na muziki: utapunguza mluzi na kufifisha wimbo pamoja nao. Dawa ni kasi. Kwenye TI-84 Plus na TI-83 Plus Silver Edition andika 1 kwenye mlango wa 20h, halafu kichujio kiwe cha nF 10, ambacho mpaka wake ni karibu kHz 16. Kwenye TI-83 Plus ya kawaida hakuna MHz 15. Punguza ngazi hadi 32 ili mluzi upande hadi kHz 17, na ukubali mchakacho kidogo zaidi.

Tik, tik, kila baada ya sekunde mbili

Dalili hii naipenda, kwa sababu inajitaja yenyewe. Hesabu muda kati ya tik na tik. Kama unapiga sampuli za biti 8 kwa 8 kHz na tik zinakuja kila sekunde 2.05, ni mpaka wa kurasa za kumbukumbu. Flashi ya kalkuleta hizi imegawanywa kurasa za KB 16, na baiti 16,384 kwa mwendo wa 8,000 kwa sekunde ni sekunde 2.048 barabara. Msimbo wako ukifika mwisho wa ukurasa unasimama kubadilisha ramani ya kumbukumbu, na mapigo yanapoteza mwendo. Ukibadilisha kasi ya sampuli kuwa 4 kHz na tik zikahamia sekunde 4.1, huna haja ya ushahidi mwingine. Isambaze kazi ya kubadilisha ukurasa ndani ya muda wa kusubiri wa sampuli kadhaa, au nakili kipande kifuatacho kwenye RAM mapema.

Tik zikiwa nyingi kiasi cha kuwa mngurumo usiobadilika, hazitoki kwenye kurasa. Ni vikatizo vya mfumo vinavyomkatiza mpigaji zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Umesahau DI, au kuna kipande cha mfumo ulichokiita katikati ambacho kimeviwasha tena. Tik moja tu mwanzoni kabisa ni kichwa cha faili la WAV kinachopigwa kana kwamba ni muziki. Ruka baiti 44 za kwanza. Mshindo mwanzoni na mwishoni, kwa upande wake, unatokana na waya kuruka ghafla kutoka juu hadi kiwango cha kati. Upandishe na kuushusha taratibu.

Wimbo ni mzito, mwepesi, au unayumba

Ukicheza mara 2.5 polepole na sauti kushuka zaidi ya oktavu moja, programu iliyoandikwa kwa MHz 15 inakwenda kwa 6. Kinyume chake ni kinyume chake. Ule mlio wa majaribio utakuambia mara moja: 885 au 2,200.

Kuyumba ni kitu kingine. Usiyapime mapigo ya muziki kwa kuhesabu amri za prosesa pale ambapo kuna saa bora. TI-84 Plus ina vipima muda vinavyofuata kristali ya Hz 32,768, na hivyo ndivyo vya kuvitegemea kwa tempo. Kwa njia ya Pico tatizo hili halipo, kwa kuwa saa ni ya Pico. Likitokea huko, kalkuleta ndiyo inayochelewesha amri, na tiba ni kutuma noti kadhaa mapema pamoja na muda wake.

Kelele tupu, wimbo ukisikika kwa mbali

Sikiliza sehemu za kimya. Kama mahali pa kimya pana kelele kubwa kuliko mahali pa wimbo, alama za namba zimegeuzwa. WAV ya biti 8 haina namba hasi, katikati yake ni 128. WAV ya biti 16 ina hasi, katikati yake ni 0. Ukisoma ya kwanza kama ya pili, mchezo mdogo kati ya 127 na 128 unakuwa mruko kutoka kilele hadi kilele. Toa 128 kwa kila sampuli kabla ya kuipanua.

Kelele ikiwa sawa muda wote, geuza mpangilio wa baiti: biti 16 za WAV huanza na baiti ndogo. Na wimbo ukisikika vizuri ukiwa mdogo lakini ukaharibika vibaya ukipanda, data imesogea biti moja kwenye I2S, njia inayoipeleka sauti kutoka Pico hadi DAC. Pini ya FMT ya PCM5102A iwe chini.

Mvumo wa chini usiokoma

Ichomoe Pico kwenye kompyuta na uilishe kwa betri. Mvumo ukikata, ulikuwa ni mzunguko wa graundi kati ya kompyuta na amplifaya. Ukibaki, DAC inakula umeme mchafu: weka kapasita za nF 100 na µF 10 kwenye pini zake za umeme, karibu kadiri vidole vinavyoruhusu.

Moduli ya DFPlayer Mini inapiga wimbo mwingine

Anayetumia moduli hii badala ya DAC anapata MP3 bila jasho, ila ikiambiwa ipige wimbo wa 3 inahesabu kwa mfuatano ulioyanakili mafaili kwenye kadi, si kwa majina. Tumia amri 0x12, weka mafaili ndani ya folda iitwayo mp3, na uyaite 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea. Ipe sekunde chache baada ya kuwashwa kabla ya amri ya kwanza. Ikinguruma, weka resista ya kΩ 1 kwenye waya wa RX. Pato la SPK lisiunganishwe na graundi ya amplifaya nyingine. Kwa kazi hiyo kuna pini za DAC_R na DAC_L.

TI-84 Plus CE

Hii ya 2015 haina jeki ya milimita 2.5 kabisa. Ina USB ndogo, prosesa ya eZ80 ya MHz 48, na karibu MB 3 za kuhifadhia, ambazo kwa kiwango cha CD ni sekunde kama 18 za muziki. Kwa hiyo hata hapa amri zitumwe, sauti ikae nje.

Programu ikikataa kufunguka, angalia toleo la mfumo. Kuanzia 5.5.1 la mwaka 2020 programu za asembli na C zilizuiwa, na programu ya arTIfiCE ndiyo hutumika kuzifungulia. Programu ikifunguka lakini Pico haionekani, ni waya. Kalkuleta inakuwa mwenyeji, yaani upande unaoongoza mawasiliano ya USB, pale tu mwisho wa waya ulioingia kwake ni wa mini-A, ambao ndani yake pini ya ID imeunganishwa na graundi. Waya wa kawaida wa kuhamishia mafaili ni mini-B. Unaingia vizuri, unachaji vizuri, na hautaifanya kalkuleta kuwa mwenyeji kamwe. Kwenye programu tumia maktaba ya srldrvce, na kwenye Pico hali ya CDC (mawasiliano ya herufi moja moja kupitia USB), kisha anza kwa kutuma herufi moja na kuwasha taa ya bodi kabla hujagusa noti yoyote.